Gololi Inayobaki Mkononi

Meneja alikuwa na umri wa miaka minne, na tangu azaliwe hakuwahi kugeuka kwa sababu ya mlango kubamizwa. Jina hilo alipewa na mjomba wake. Kwenye duka la mama yake, ambaye ni fundi cherehani, mtoto huyu hukaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, miguu ikining'inia, na kumwonyesha kila mtu kwa kidole kinachotakiwa kufanywa. Mteja akiingia, Meneja humkagua kuanzia viatu kwenda juu. Asiporidhika, humwonyesha mlango.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huohuo, nikaajiriwa katika kitengo cha masikio cha hospitali. Kazi yangu ilikuwa kuwaandaa watoto wanaosubiri kupandikizwa kifaa cha kusikia, kile ambacho daktari wa upasuaji hukiweka chini ya ngozi nyuma ya sikio, na uzi wake mwembamba huingia hadi ndani kabisa ya sikio. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Mkuu wangu, mpimaji mkuu, ambaye sote tulimwita Shangazi, hata madaktari waliomzidi umri, aliniambia wiki ya kwanza, "Wewe ukiendelea kutabasamu hivyo, mashavu yatakuuma kabla ya mwisho wa mwezi."

Kabla mtoto hajapasuliwa, lazima ithibitike kwamba visaidizi vya kusikia vya kawaida, vile vya kuvaa sikioni, havimsaidii. Upasuaji wenyewe unaweza kuua kile kidogo ambacho sikio bado linacho, na kikishapotea hakirudi. Kwa hiyo vipimo ni viwili. Cha kwanza hufanywa mtoto akiwa amelala, nyaya zimebandikwa kichwani, na mashine inasoma kama sauti inafika kwenye ubongo. Cha Meneja kilitoka mstari mtupu, kama barabara isiyopitiwa na mtu.

Cha pili hufanywa mtoto akiwa macho, visaidizi vikiwa masikioni, kwenye chumba chetu cha kimya chenye sponji ukutani. Mtoto hushika gololi mkononi, ameiegemeza shavuni. Spika ikitoa sauti na yeye akaisikia, anaidondosha gololi kwenye kopo. Asiposikia, anabaki nayo. Ni mchezo, na watoto wengi huupenda.

Meneja aliupenda kuliko wote. Mama yake alikaa mbele yake, kwa sababu asipomwona alilia hadi akapaliwa, na mimi nikakaa ubavuni. Shangazi alikuwa chumba cha pili, nyuma ya kioo, mgongoni kwa mtoto, akibonyeza mashine. Sauti ya kwanza ikatoka. Gololi ikadondoka, *ting*. Ya pili, *ting*. Shangazi akapunguza sauti, akapunguza tena, mpaka mimi mwenyewe nikawa natega sikio. *Ting*.

Shangazi alitoka akiwa amevua miwani.

"Huyu mtoto anasikia kunizidi mimi," alisema.

Mama Meneja aliruka kwenye kiti. Alimbeba mwanawe juu, akazunguka naye mle chumbani, kisha akampigia simu kaka yake. "Amefaulu, kaka! Amepata zote!" Mtoto alicheka kile kicheko chake kinene kinachotoka tumboni, akipiga makofi na kuangalia kama sote tunapiga.

Daktari wa upasuaji hakupiga makofi. Aliweka matokeo mawili mezani, moja pembeni ya jingine, na kutuambia waziwazi mbele ya mama mtu. "Hiki kinasema hasikii chochote. Hiki kinasema anasikia. Mimi siwezi kupasua sikio linalosikia, mama. Jopo letu linakaa wiki ijayo. Vipimo visipopatana, nafasi yake itabidi apewe mtoto mwingine, na sijui nyingine itapatikana lini. Na kila mwaka unaopita, ubongo wake unazidi kuzoea ukimya."

Mama Meneja aliketi. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye pini za kushonea daima kwenye ukosi wa blauzi, na sasa alikuwa akizigusa moja moja bila kujua.

Koridoni akanishika mkono. Alikuwa ameamua kuniita mwalimu, na nilipomwambia mimi si mwalimu alinijibu kwamba nitazoea. "Mwalimu, hebu nieleweshe. Nyumbani pikipiki inapita karibu imkanyage, hageuki. Hapa anasikia hadi minong'ono. Au masikio yake yanapenda hospitali?"

Shangazi akasema turudie kesho yake.

Kesho yake mama alikuja na sketi ya shule ya mteja, akashona pindo kwa mkono wakati tukipima, kama alivyofanya mara ya kwanza. Nilikuwa nimeona jana yake na sikuwa nimelitilia maanani. Mtu mwenye kazi nyingi hubeba kazi yake. Sauti zikaanza, gololi zikawa zinadondoka vilevile. Halafu uzi ukakatika. Mama akasimamisha mkono, akailamba ncha ya uzi, akaanza kutafuta tundu la sindano. Spika ilikuwa kimya kabisa.

*Ting*.

Meneja akatugeukia na tabasamu lake, akisubiri shangwe.

Nilimtazama Shangazi kupitia kioo. Aliinua mikono yote miwili kunionyesha kwamba hajagusa kitu. Basi nikaacha kumwangalia mtoto, nikaangalia mikono ya mama. Sauti ilipotoka, sindano ilisita. Ni kusita kidogo mno, kiasi cha mtu kumeza mate, kisha ikaendelea. Mama mwenyewe hakujua. Lakini mtoto yule hakuwa akisikiliza spika. Alikuwa akiisoma sindano.

Nakumbuka nilichohisi kwanza, kabla ya wasiwasi wote: nilitaka kusimama nimpigie saluti. Mimi na vyeti vyangu, Shangazi na miaka yake yote, mashine ya nyuma ya kioo, na mtoto wa miaka minne ametuweka mfukoni sote kwa kuangalia tu mkono wa mama yake.

Shangazi alitoka nyuma ya kioo. "Nimedanganywa na watoto wengi humu ndani," alisema. "Wengine wanaangalia kivuli changu, wengine wanabahatisha. Lakini huyu! Huyu angezaliwa na ndevu, angekuwa ameshatuuzia hospitali yetu wenyewe."

Mama Meneja hakucheka. Alikunja sketi ile taratibu.

"Ni mimi niliyemfundisha," alisema.

Ilitoka yote. Tulipomweleza mwezi uliopita kuwa kutakuwa na kipimo cha gololi, yeye na kaka yake walielewa kama ambavyo mzazi yeyote angeelewa: kuna mtihani, na watakaopata alama za juu ndio watakaochaguliwa. Wakaanza mazoezi. Kila jioni mjomba alisimama nyuma ya mtoto na sufuria, mama akikaa mbele na kazi yake. Mjomba akipiga, gololi ikidondoka, nyumba nzima inacheza. Mtoto asipodondosha, wanarudia.

"Nilidhani akikosa watasema hafai," alisema. "Nani anachukua mtoto aliyepata sifuri?"

Sisi ndio hatukumwambia kwamba kwenye mtihani huu sifuri ndiyo tiketi. Ilikuwa wazi kwetu kiasi kwamba hatukuona haja ya kuitamka.

Tulijaribu njia ya haraka. Tulimvalisha mama vifunika masikio vikubwa, vile vya mafundi wa mashine, ili asisikie chochote. Meneja alivitazama kwa hasira, akashuka kwenye kiti, akavivua kichwani kwa mama yake na kuvitupa chini. Tukajaribu tena, akavitupa tena. Tulipomtoa mama nje, mtoto alilia. Mama aliporudi na kukaa bila kazi mikononi, mtoto alihamia kwangu, akaanza kuyachunguza macho yangu. Nilijitahidi kuwa ukuta. Nadhani nilikuwa ukuta wenye nyufa. Mwishowe Meneja aliona tunamchosha, akachukua kopo, akamimina gololi zote kwa mkupuo mmoja na kunikabidhi. Kazi imeisha, jamani, twendeni.

Shangazi alicheka hadi akaegemea mlango. Kisha akaniambia kwa upole, "Mtoto huyu hajui kwamba kubaki na gololi ni jibu. Hajawahi kuambiwa. Nenda kamfundishe."

Nilikwenda dukani kwao jioni ile. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, nguo zilizoning'inia zikisubiri wenyewe, na kona moja ambayo mjomba aliigeuza kuwa karakana yake ya kutengeneza simu. Mjomba alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Nilieleza: tutamwekea mtoto mkononi kitu kinachotetemeka. Kikitetemeka, adondoshe gololi. Kisipotetemeka, akae nayo, na hapo ndipo tumshangilie zaidi.

"Tumshangilie kwa kukaa tu?" mjomba akauliza. "Basi mimi nimekosa shangwe nyingi sana maishani."

Lakini mama Meneja alizima cherehani.

"Mwalimu, unajua unachoniomba? Unaniomba nimpigie makofi mwanangu kwa kutosikia."

"Ndiyo, mama. Kwa kusema ukweli kwamba hajasikia."

"Miaka minne nangoja asikie kitu kimoja. Kimoja tu. Jana nimekiona, nimeruka, nimempigia kaka simu. Leo mnaniambia haikuwa kweli, na bado nicheke?"

Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa njiani. Niliyaacha. Nikamwambia nilichokuwa nacho. "Mama, mimi nimeangalia mkono wako kwa makusudi, nikiwa najua ninachotafuta, na nusu ya zile mara sikuona kitu. Yeye ameona zote. Sijawahi kumwona mtu anayemfahamu mwenzake hivyo."

Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa juu ya meza akipanga vipande vya vitambaa kwa rangi na kutukaripia kwa macho kwa kuzuia biashara.

"Nikimwita asipogeuka," alisema polepole, "uso wangu unaanguka. Najua unaanguka. Huwa naurudisha haraka. Kumbe anauona."

"Amejifunza kunisikilizia kwa macho ili nisihuzunike," mama alisema. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa cha mteja, akagundua ni cha mteja, akasonya. "Haya. Nifundisheni kushangilia."

Kitu cha kutetemeka alikipata mjomba: simu kuukuu, akaizima mlio na kuiachia mtetemo. Meneja aliishika kiganja cha kushoto, gololi kulia. Mjomba akaipigia. Simu ikatetemeka, mtoto akashtuka, akadondosha. Tukainua mikono juu na kuitikisa hewani, kama viziwi wanavyopiga makofi. Nilikuwa nimewafundisha alama hiyo mlangoni. Kisha tukakaa kimya bila kupiga simu. Meneja akamwangalia mama. Mama akaangalia ukuta. Mtoto akaniangalia mimi. Nikaangalia nguo. Akadondosha gololi.

Hakuna aliyeinua mkono.

Sura aliyotupa siwezi kuisahau. Alionekana kama mtu aliyefika kazini akakuta kufuli zimebadilishwa. Akaiokota gololi, akaidondosha tena kwa nguvu zaidi, pengine hatukuona. Mama aliuma midomo. Tulirudi mwanzo. Na tena. Mpaka mara moja, sijui kwa uchovu au kwa kununa, akaisahau gololi shavuni wakati akichunguza kidole chake cha mguu, na mama akaruka juu na mikono yake ikitikisika, mjomba naye, nami, na mteja aliyekuwa ameingia kuchukua suruali yake akatukuta watu wazima watatu tukimshangilia mtoto ambaye hakuwa akifanya chochote.

"Nitapita kesho," mteja alisema.

"Karibu sana!" mjomba akamjibu, mikono ingali juu.

Tuliendelea hivyo kila jioni. Niliona jambo likibadilika ambalo sikulitegemea. Nilidhani ninakuja kumfundisha mtoto, lakini aliyekuwa na kazi ngumu alikuwa mama. Aliushughulikia uso wake kama anavyoshughulikia mshono uliokwenda upande: anafumua, anaanza upya. Kwanza alikuwa akishangilia kwa mikono tu, macho yakiwa yamelowa, na Meneja hakuamini, alibaki akimkodolea. Alijaribu tena. Jioni moja mtoto alibaki na gololi muda mrefu, simu ikiwa baridi mkononi, na mama akamtazama, akacheka kicheko halisi, kwa sababu Meneja alikuwa ametunisha mashavu kama anayezuia pumzi majini. Mtoto alikiona kicheko kile. Tangu hapo kushika gololi kukawa kitu cha kujivunia. Alituringia nayo.

"Sasa amekuwa benki," mjomba alisema. "Ukimpa haitoki."

Siku ya kupima tena ilifika, na jopo lilikuwa likikaa mchana uleule. Shangazi alitaka mama akae nje. Tulijaribu, tulijua kitakachotokea, na kilitokea. Vifunika masikio navyo viliishia sakafuni.

"Nitakaa mbele yake," mama Meneja alisema. "Bila kushona, na masikio wazi."

Shangazi alimwonyesha spika. "Mama, utasikia kila kitu. Sauti za mwisho ni kubwa, zinaumiza. Ukipepesa jicho tu, huyu atajua."

"Najua."

"Nitakuwekea na mitego ya ukimya katikati."

"Weka."

Aliketi, viganja vikiwa wazi juu ya magoti. Nilimvalisha Meneja visaidizi vyake, nikampa gololi, nikajibanza pembeni ambapo hangeniona. Sauti ya kwanza ikatoka, ndogo, kama filimbi ya mbali. Mama hakubadilika. Meneja aliangalia vidole vya mama, kisha miguu, kisha koo pale mtu anapomezea mate. Hakupata kitu. Sauti ikapanda. Akaangalia macho. Mama alimwangalia kwa macho yaleyale anayomwangalia nayo akimvalisha viatu, matulivu, yenye upendo wote wa kila siku na bila habari yoyote ndani yake. Sauti ilipanda tena, sasa ilikuwa ya kumfanya mtu aweke mikono masikioni, na mwanamke yule alikuwa ameketi akiyasikia yote ambayo mwanawe hayasikii, moja baada ya jingine, hadi juu, na uso wake haukuanguka.

Ikafika mahali Meneja akaacha kumtafuta. Aliishusha gololi, akaiangalia, akairudisha shavuni mwenyewe, akakaa nayo.

Sauti ya mwisho ilitikisa kioo. Niliihisi mbavuni. Gololi ikadondoka, na mtoto akaweka mkono kifuani, akamwangalia mama kwa mshangao.

"Hiyo ameisikia kwa kifua," Shangazi alisema kwenye spika. "Hiyo ni ya kweli. Na zote alizobaki nazo ni za kweli. Mama, unaweza kupumua sasa."

Mama Meneja aliinua mikono juu, akaitikisa. Meneja akaitikisa yake. Ndipo machozi yakaja, na mtoto akayatazama bila woga, kwa sababu mikono ilikuwa ingali juu.

Jopo lilikubali. Daktari wa upasuaji alitoka mwenyewe kutuambia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akimpa mtu mkono kwa mikono miwili. Upasuaji ungekuwa Jumatatu. Mama Meneja alikaa kwenye benchi la koridoni akampigia kaka yake, na kwa furaha akasahau kwamba hayuko peke yake.

"Hasikii, kaka! Hasikii kabisa! Ndiyo, wamehakikisha, hasikii chochote!" Alikuwa akicheka. Mwanamke aliyekaa naye benchi moja alivuta mkoba wake karibu na kusogea.

Alipokata simu, alitulia. "Sijamwambia mtoto kuhusu kupasuliwa," aliniambia. "Nilipanga nimdanganye kwamba tunakwenda kulala tu hospitali. Niliogopa ataniona uso." Alimvuta mwanawe katikati ya magoti yake. "Nisaidie mikono pale nitakapokwama, mwalimu."

Akamwambia kwa ishara zao za nyumbani na zile chache nilizomfundisha. Utalala. Daktari atakata hapa, nyuma ya sikio. Ukiamka patauma. Hapo uso wake ulionyesha maumivu, na hakuurudisha. Kitambaa kichwani. Mimi nitakuwa kando ya kitanda. Kuhusu kusikia hakumwahidi kitu. Alifika hapo, akafikiri, akaacha mikono wazi.

Meneja alimkamata mama yake kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Aliangalia jicho moja, kisha la pili, kisha mdomo. Alichukua muda wake wote. Mimi na mama yake tulingoja kama watu wanaosubiri majibu.

Halafu akamwachia kidevu, akagusa nyuma ya sikio lake mwenyewe kwa kidole, hapohapo alipoonyeshwa, akaitikia kwa kichwa. Akamshika mama mkono na kumvuta kuelekea mlangoni, akituonyesha tumbo lake kwamba ana njaa na tunachelewesha.